Doha Ni Saa Ngapi Sasa?



Jumapili iliyopita mchungaji alipofundisha habari za Petro kwenye ua wa kuhani mkuu, wengi walisema amina kwa sauti. Mimi nilinyamaza. Mawazo yangu yalikuwa kwenye kibanda kimoja cha chai hapa steji ya Garsen, na kosa nililolifanya pale huku kila mtu akinipongeza. Nimeomba nafasi katika jarida letu wiki hii niliandike, maana naamini swali hili si langu peke yangu: ukimkamata mtu unayemfahamu akisema uongo ulio wazi kabisa kuhusu yeye ni nani, ule ukweli ulioushika mkononi unaupeleka wapi?

Habari yenyewe iko hivi.

Wengi wenu mnajua mimi huuza spea za pikipiki. Vijana wa boda nawafahamu kwa mahitaji yao: huyu ni wa tyubu, huyu ni wa cheni, huyu ni wa kukopa plagi na kulipa mwisho wa mwezi. Mmoja wao tumefahamiana miaka mingi. Simtaji jina, wala sisemi anaabudu wapi. Si rafiki wa kuingia nyumbani kwangu. Ni mtu wa kusalimiana asubuhi, kuulizana habari za wazazi, na kuagana kwa "Mungu akubariki".

Mwaka jana mpwa wangu, binti ya dada yangu anayeshona nguo Malindi, alikuja kututembelea. Baada ya chakula cha jioni akanisogelea na simu yake.

"Mjomba, kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Ni mhandisi. Yuko Doha, Qatar. Ameokoka."

Akanionyesha ukurasa wake wa Facebook. Jina la kwanza la Kizungu, la pili la ukoo nisioujua. Picha za majumba marefu ya vioo. Kila asubuhi ameandika neno la kutia moyo. Halafu kuna picha moja yeye mwenyewe amesimama kando ya gari jeupe, kofia imeshuka hadi puani na miwani mikubwa ya jua. Nikaikuza kwa vidole viwili. Kwenye kioo cha gari ulionekana mwembe, na nyuma ya mwembe nusu ya kibao cha kinyozi. Kibao hicho mimi nakisoma kila siku nikiwa nimekaa dukani kwangu.

Sikusema kitu. Mpwa wangu akaniwekea sauti aliyotumiwa, kijana akimwombea kabla ya kulala. Maombi mazuri tu. Lakini ile sauti naijua, inavyovuta maneno kama sisi watu wa mtoni tunavyovuta. Na nyuma ya maombi, makanga anaita abiria: "Malindi, Malindi, wawili wa mwisho!"

Nikamuuliza, "Mbona hampigiani simu ya video mchana?"

"Mjomba, tukiwa mchana huku, kwao ni usiku wa manane. Anakuwa amelala."

Mke wangu alikuwa anaosha vyombo, akageuka. Dada yake alifanya kazi za nyumbani kule Doha. Akasema, "Saa za Doha na saa za hapa ni zile zile." Na kweli, ni zile zile. Mnakumbuka fainali ya Kombe la Dunia, 18 Desemba 2022, Argentina na Ufaransa? Ilianza saa kumi na mbili jioni kule Lusail, kando ya Doha, na sisi hapa Garsen tukaanza kuitazama saa kumi na mbili jioni.

Mpwa wangu akacheka kidogo, akasema labda ni zamu za kazi.

Sasa hapa ndipo kosa langu lilipoanzia. Pale pale, usiku ule, ningeweza kumwambia: mwanangu, mtu huyu namjua, hayuko Doha, yuko hatua mia mbili kutoka kitanda unacholalia leo. Sikumwambia. Nilisema tu, "Tutaongea," nikamwomba anitumie ile sauti. Kwa nini? Kwa sababu nilitaka kwanza nimkamate yule kijana. Nilishajiona nikimkamata. Nilishaandaa hata maneno.

Mpwa wangu akarudi Malindi Jumatatu akiwa bado ameamini. Jumatano mhandisi akamwambia kadi yake ya benki imezuiwa, anahitaji shilingi 3,000 tu kwa siku mbili. Atume kwa namba ya binamu yake aliyeko Garsen. Akatuma kwa M-Pesa. Jina lililotokea kwenye ujumbe ni jina halisi la yule kijana. Katika hadithi yote ile, mahali pekee alipotumia jina alilopewa na wazazi wake ni pale pa kupokea pesa, na hata hapo alijiita binamu yake mwenyewe.

Ijumaa nikamkuta kibandani na wenzake, chai na chapati mbele yao, mama wa kibanda akipepea jiko la makaa. Nikaketi. Nikauliza kwa sauti ya mzaha, "Ndugu, Doha ni saa ngapi sasa?"

Akasita. "Mimi nitajuaje, mzee?"

"Wewe si mhandisi kule?"

"Mhandisi gani? Mzee, umenifananisha."

Nikatoa simu, nikaweka ile sauti juu kabisa. Maombi yakatoka, na makanga akatoka, "Malindi, Malindi, wawili wa mwisho!" Na wakati huo huo makanga yule yule alikuwa amesimama barabarani akiita maneno yale yale. Bana, watu walicheka hadi chai ikamwagika. Mtu mmoja akanipiga begani: "Mzee, umemmaliza!"

Kijana akainuka. Nusu ya chapati ikabaki kwenye sahani. Chai yake nililipa mimi.

Tangu siku hiyo steji nzima ikamwita Doha. "Doha, nipeleke Minjila!" "Doha, huko kwenu mafuta bei gani?" Wiki ile ile akahamisha pikipiki yake, akaacha pia kwenda ibadani.

Na mpwa wangu? Kuna mtu alirekodi tukio lote kwa simu, likasambaa kwenye makundi ya WhatsApp hadi Malindi. Nilikuwa nimesahau jambo moja: ndani ya yale maombi, yule kijana alikuwa amemtaja binti kwa jina. Akanipigia simu usiku akilia. Maneno yake sijayasahau:

"Mjomba, yeye alinidanganya. Lakini wewe ndiye uliyenitangaza."

Wapendwa, nimekaa na maneno hayo miezi mingi. Mwanzoni nilijitetea. Kwani nilisema uongo? Hata kidogo. Kila nililosema pale kibandani lilikuwa kweli. Halafu nikasoma tena Mathayo 26, na nikakiona kitu ambacho sikuwahi kukiona.

Watu waliouzunguka moto uani, nao walisema kweli. Yule kijakazi alisema kweli. Wale waliosimama karibu, waliosema kwamba lafudhi yake ya Galilaya inamtambulisha, walikuwa wamefanya uchunguzi mzuri kabisa. Petro alikuwa akisema uongo ulio wazi kuhusu yeye ni nani, tena kwa kuapa, na sauti yake mwenyewe ilimsaliti. Ukiwahesabu waliosema kweli usiku ule pale motoni, wote walisema kweli isipokuwa mtume. Lakini niambie, ni nani kati yao aliyemsaidia Petro kurudi? Walikuwa na ukweli, na hawakuwa na haja na Petro. Walitaka kumkamata tu.

Luka 22 inatuambia kuna mwingine aliyejua. Bwana Yesu aligeuka akamtazama. Hakumwita kwa sauti. Hakuwaambia wale wa motoni, "Mnasema kweli, huyu ni wangu, anadanganya." Alimtazama tu, na Petro akatoka nje akalia. Baadaye, katika Yohana 21, Yesu akawasha makaa mengine ufuoni, akaoka samaki, akamlisha kwanza. Baada ya kula ndipo akamuuliza, si mara moja, mara tatu, mpaka ikamuuma. Ona basi: Yesu hakuufunika ule uongo. Aliurudia wote, mara tatu kwa mara tatu. Lakini alifanya hivyo akiwa tayari amemwekea Petro chakula mkononi na kazi ya kufanya mbele yake.

Kuna kisa kingine cha kumtambua mtu kwa usemi wake. Katika Waamuzi 12, watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka waliuliza kama ni Mwefraimu. Akikana, waliambia atamke neno moja, Shibolethi. Aliyeshindwa kulitamka sawasawa alikuwa amejulikana, akauawa pale pale kivukoni. Maandiko yanataja Waefraimu 42,000 walioanguka wakati huo. Ni kweli walikuwa wakidanganya kuhusu walikotoka. Na ni kweli walikamatwa. Kukamata kule kulizaa nini?

Sisi watu wa Tana hatuhitaji kuelezwa habari za vivuko. Hapa kwetu mtu akitaja jina lake tu, ushajua ni Mpokomo au Muorma, Mwardei au Mgiriama, na pengine unajua hata ni wa kijiji gani. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu mia moja waliuawa katika delta hii. Tuliozika siku zile tunajua kwamba jina si mchezo, na kwamba mtu akijificha nyuma ya jina la jirani akaandika matusi, kalamu yake inaweza kuchoma nyumba ambayo yeye hatailala. Kwa hiyo sisemi uongo wa majina uachwe tu. Nasema kwamba mahali hapa, kati ya mahali pote, tuwe waangalifu na ile furaha ya kumkamata mtu.

Asije mtu akasema, "Mzee sasa anatetea waongo." Hapana. Ngoja niseme wazi uongo ule ulikuwa na ubaya gani, kwa sababu watu wengine huniambia, "Si ni Facebook tu, kila mtu huko anajifanya."

Kuficha na kudanganya ni vitu viwili. Dada anayeweka picha ya ua badala ya uso wake ili wanaume wasimsumbue, hajamdanganya mtu. Esta alikaa katika nyumba ya mfalme bila kutaja kabila lake, kwa agizo la Mordekai, na Maandiko hayamwiti mwongo. Mimi mwenyewe katika makala hii nimeficha mambo kadhaa, na nimewaambia kwamba nimeyaficha. Kipimo ninachotumia siku hizi ni hiki: je, kuna mtu anayejenga juu ya maneno yangu? Kama yupo, ana haki ya kujua ardhi ikoje. Sisi wa delta tunaelewa. Mwisho wa 2023 maji ya El Niño yalikuja, Aprili na Mei 2024 yakarudi tena, na kila mtu akajua ni nyumba gani ilijengwa wapi. Mpwa wangu alikuwa anajenga. Alikuwa amemkataa fundi mmoja mwenzake, kijana mzuri, kwa sababu ya mhandisi. Alikuwa amempa ndiyo yake mtu ambaye hayupo. Mtu anayeiba pesa anaweza kuzirudisha. Lakini ndiyo ya mtu, na miezi aliyoingoja, utairudisha kwa njia gani?

Sheria ya nchi nayo ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ya mwaka 2018 inaadhibu anayetumia kwa ulaghai nywila au utambulisho wa mtu mwingine: faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Pia mnajua kwamba tangu mwaka 2022 serikali yetu imewarudisha nyumbani vijana Wakenya kutoka Myanmar, walioahidiwa kazi nzuri Thailand kisha wakafungiwa na kulazimishwa kukaa kwenye kompyuta wakijifanya watu wasio wao, ili wawanase wapweke wa nchi za mbali. Kazi yenyewe ni ile ile ya mhandisi wa Doha, ila wale walilazimishwa. Wetu hakulazimishwa na mtu. Au ndivyo nilivyodhani.

Baada ya wiki saba nilimtafuta. Nilimkuta upande wa Tarasaa, chini ya mti, akisubiri abiria. Aliponiona akaanza kuwasha pikipiki. Nikamwambia, "Ngoja. Nimekuja kuomba msamaha." Akazima.

Nikamwambia yangu kwanza: kwamba Mathayo 18:15 inaniamuru niende kwake tukiwa wawili peke yetu, na mimi nilianzia mahali ambapo Yesu aliweka mwisho, tena si mbele ya kanisa bali mbele ya kibanda. Kwamba nilijua usiku wa Jumamosi na nikanyamaza hadi Ijumaa, na kwa hiyo zile shilingi 3,000 zina mkono wangu ndani yake. Halafu nikamwambia yake: kwamba alichofanya ni wizi, na kwamba kuna binti anayelia Malindi.

Alinyamaza sana. Kisha akasema, "Mzee, hapa nikisema mimi ni mtu wa boda, nani atanisikiliza?"

Nikamwambia hiyo si sababu.

Akasema, "Najua si sababu. Lakini sikiliza. Mimi nimesali kanisani miaka minane. Sijawahi kuitwa mbele kutoa ushuhuda. Mwaka juzi alikuja mtu kutoka Qatar, hata hakuwa ameokoka, akapewa kiti cha mbele na maikrofoni na soda. Alipomaliza kuongea mliombea kazi yake. Mimi pikipiki yangu ilipoibiwa, niliombewa na walinzi wa mlangoni."

Wapendwa, sikuwa na jibu. Nilijua ni kweli. Huenda hata yule aliyeleta kiti ni mimi. Yakobo katika sura ya pili ya waraka wake aliandika habari za mtu mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti kizuri huku maskini akiambiwa asimame, na tumeisoma mara nyingi. Lakini Jumapili ikifika, gari likisimama nje tunakimbilia viti. Anayerudi kutoka Uarabuni tunamwita "aliyebarikiwa". Anayelima mpunga au kuendesha boda tunamwambia "Mungu atakukumbuka", kana kwamba Mungu bado hajamkumbuka. Kisha tunashangaa kijana akijipeleka Doha bila kupanda ndege.

Sisemi sisi ndio tuliodanganya. Kila mtu atabeba mzigo wake mwenyewe. Lakini uongo ule ulikuwa wazi kiasi cha kuchekesha, na mtu huwa na sababu ya kusema uongo ambao hata mtoto anaweza kuugundua. Mara nyingi sababu hiyo iko karibu nasi kuliko tunavyopenda. Alijua ni heshima gani tunayoiuza, na kwa bei gani.

Pale chini ya mti nilimkumbusha habari za Yakobo yule mwingine, mwana wa Isaka. Katika Mwanzo 27 baba yake kipofu alimuuliza yeye ni nani, naye akajibu kwamba ni Esau. Mzee Isaka aliitilia shaka sauti, akamuuliza tena, naye akashikilia uongo wake. Akapata baraka kwa jina la mtu mwingine, na kitu cha kwanza ilichomletea ni kuikimbia nyumba ya baba yake. Alikaa ugenini miaka ishirini, na huko akadanganywa yeye. Kisha usiku mmoja, katika kivuko cha Yaboki, yule aliyeshindana naye akamuuliza jina lake. Swali ni lile lile aliloulizwa na baba yake. Safari hii akasema: Yakobo. Kwa nini Mungu amuulize jina mtu anayemjua tangu tumboni? Naamini ni kwa sababu asingeweza kumbariki Esau wa uongo. Ilibidi kwanza Yakobo awepo. Alitoka pale akichechemea, lakini alitoka na baraka iliyo yake, na asubuhi akaenda kukutana na ndugu yake uso kwa uso.

Hiki pia ni kivuko, kama kile cha Waamuzi. Pale mtu aliulizwa ili auawe. Hapa mtu aliulizwa ili abarikiwe. Maswali ni karibu sawa: wewe ni nani? Tofauti iko kwa anayeuliza, na kwa kile alichoshika mkononi.

Nikamuuliza yule kijana, "Wewe unaitwa nani?" Akanitajia jina lake. Nikamwambia, "Basi mpigie binti umwambie hivyo hivyo."

Alimpigia pale pale, mimi nikisikia. Alitaja jina lake, kazi yake, na kijiji chake. Akasema sijawahi kupanda ndege. Akasema nimekukosea wewe na Mungu, na pesa zako nitazirudisha. Binti alisikiliza hadi mwisho, kisha akakata simu bila kusema neno. Hajamsamehe hadi leo. Mimi amenisamehe nusu, ndivyo anavyosema mwenyewe, na nusu iliyobaki siidai. Tusiwakimbize watu waliodanganywa kwenda kwenye msamaha kwa sababu tu sisi tumechoka na aibu. Kwanza walipwe chao.

Pesa zinalipwa. Ananiletea shilingi mia mbili mia mbili, mimi namtumia binti. Zimefika 2,200. Bado mia nane. Ule ukurasa ameufuta. Ibadani amerudi, anakaa nyuma. Pale steji bado wapo wanaomwita Doha, na mkiwa miongoni mwao nawaomba katika jina la Bwana muache. Makala hii ameisoma kabla haijapelekwa kuchapishwa. Aliniomba nitoe sentensi moja tu, nikaitoa.

Sasa nirudi kwenye swali nililoanza nalo. Ukimkamata mtu katika uongo wa wazi, ule ukweli unaupeleka wapi? Mimi nimejifunza mpangilio huu, na nimejifunza kwa kukosea.

Kwanza kwa anayedanganywa, upesi na faraghani. Ukweli ule ni wake kabla ya kuwa wako. Kila siku unayoukalia ukisubiri nafasi nzuri ya kumkamata mwongo, yeye anaendelea kujenga kwenye njia ya maji.

Pili kwa mwongo mwenyewe, mkiwa wawili. Usiende na hotuba. Nenda na swali ambalo anaweza kulijibu kwa kweli na bado akabaki na mahali pa kusimama. Akikataa, Bwana ameshatupa hatua zinazofuata: watu wawili au watatu, kisha kanisa. Pakiwa na hatari kwa wengine, sheria nayo ni mtumishi wa Mungu. Kibanda cha chai hakimo katika orodha hiyo.

Tatu kwako wewe. Siku ile ile niliyomuumbua kijana, asubuhi yake mteja alinipigia kuuliza kama nimefika dukani, nikamjibu, "Niko njiani, nishafika Minjila." Nilikuwa kitandani. Na picha yangu ya WhatsApp, nikiwa na suti kando ya gari, mnajua gari lile si langu. Ni la mgeni aliyekuja harusini. Hakuna aliyejenga juu yake, nashukuru Mungu, lakini sikuipiga kwa bahati mbaya. Nilitaka mtu aamini kitu. Nimeibadilisha. Sasa niko na aproni ya dukani, mikono ina grisi.

Jumapili hii, kabla hujamwuliza mtu anafanya kazi gani, muulize jina lake, na ukisikia usigeuze macho kutafuta mgeni mkubwa zaidi.

Tuombe. Baba, unatujua kwa majina yetu halisi na hukutukataa. Wasamehe wanaojificha katika majina ya uongo, na uwape ujasiri wa kutaja lao. Waponye waliodanganywa, na uwarudishie. Utusamehe sisi tuliopenda kukamata kuliko kurudisha. Na ulifanye kanisa hili la mtoni liwe mahali ambapo mtu wa boda akisema mimi ni mtu wa boda, atapata kiti. Katika jina la Yesu. Amina.